Maiki kwenye Gauni la Mama

Mdogo wangu tunamwita Dairekta. Jina alijipachika mwenyewe wiki ile ile aliyoanza chuo cha filamu, sisi tukalichukua ili tumcheke, likamganda. Ukikaa dirishani anakuambia usogee, mwanga unakula uso. Ukipika anataka urudie kukoroga, eti mkono hakuupata vizuri. Nilikuwa namwambia, "Wewe, siku moja nitakumwagia huu mchuzi!" Lakini moyoni nilijivunia sana.

Basi madaktari walipotuambia kwamba uvimbe kwenye koo la mama hautoki bila kukata na pale sauti inapotokea, mtu wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Dairekta. Mama angepona, ila asingeongea tena maisha yake yote. Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

"Dairekta," nikamwambia, "achana na kupiga picha mapaa ya watu. Mrekodi mama aongee na mjukuu wake. Ifanye ndiyo kazi yako ya kumalizia chuo."

Msiniulize kwa nini hatukuwa na sauti yake kwenye simu. Mama ni mtu wa kupiga na kukata. "Umekula? Haya." Kwisha. Ujumbe wa sauti aliuona upuuzi, sawa na kuongea na ukuta.

Siku moja kabla hajalazwa, Dairekta akaja na kamera ya chuo, taa mbili na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Akasogeza makochi, akatundika shuka dirishani. Mama alivaa gauni lake la bluu, amejipaka na wanja. Maiki ikabanwa kifuani, kiboksi chake cha betri kikafichwa mgongoni. Dairekta akaijaribu, ikashika vizuri. Mama akasema ngoja kwanza abadilishe kilemba, naye Dairekta akakizima kile kiboksi betri isiishe.

Aliporudi, mama akanifukuza. "Toka. Haya ni ya mjukuu wangu, si yako. Akitaka, atakusikilizisha mwenyewe."

Nikaenda jikoni huku nacheka. Nikamsikia anasema, "Na hayo madude ya masikioni vua. Unaongea na mama yako au na mashine?"

"Mama, ni hedifoni. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Nimekuzaa mimi au amekuzaa mwalimu wako?"

Akavua. Na kwetu nani angebisha? Mama yako anataka kukuambia neno, tena kesho yake analazwa akakatwe koo, halafu wewe umeziba masikio! Mlango ukafungwa, sikusikia tena.

Upasuaji ulienda salama. Wiki iliyofuata, mama akiwa bado wodini, Dairekta akanipigia. "Dada, njoo chuoni." Hakusema kingine. Nikajua kuna jambo.

Chumba chao cha uhariri hakina dirisha, kompyuta zimejipanga ukutani, baridi kama kwenye friji. Mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kwenye kioo alikuwepo mama, mzuri jamani, mpaka nikashika mdomo. Midomo yake inacheza, mikono inaeleza, anacheka. Chini ya picha, mahali sauti inapojichora milima na mabonde, palikuwa na mstari mmoja umenyooka.

"Sauti iko wapi?"

Dairekta akainamisha kichwa. Kiboksi hakukiwasha tena. Na kamera aliiweka ichukue sauti ya maiki ile peke yake. Angekuwa na hedifoni masikioni angejua papo hapo.

Mwalimu akajaribu. Akapandisha sauti mpaka mwisho, tukasikia shhhhh, basi. Akajaribu hiki na kile, shhhhh ile ile. Mwishowe akajikohoza. "Picha amepiga vizuri sana," akasema. Masikini, alitaka kutufariji. Nilitamani kumrukia.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Wewe ulikuwepo. Masikio ulikuwa nayo wazi. Alimwambia nini mwanangu?"

"Sijui, dada."

"Hujui?"

"Nilikuwa naangalia fokasi. Mama alikuwa hatulii, anasogea mbele, anarudi, nikizubaa uso unafifia. Nilisikia kakutaja jina. Nilisikia anacheka." Macho yalishakuwa mekundu. "Nilijua nitamsikiliza wakati wa kuhariri."

Nilimtukana. Mbele ya mwalimu, mbele ya wenzake, matusi ambayo sitayarudia hapa. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Maneno mama anaweza kuyaandika upya. Lakini jinsi anavyolivuta neno "mwanangu," jinsi anavyoanza kucheka kabla hajamaliza utani wake, nani atamwandikia mtoto wangu? Hatamsikia kamwe. Kamwe.

Mama akarudi nyumbani na kitambaa shingoni. Tulikubaliana Dairekta amwambie mwenyewe. Asubuhi akasema mchana, mchana akasema akishakunywa dawa. Jioni mama mwenyewe akaja sebuleni, gauni la bluu mwilini, akakaa mbele ya televisheni. Akamnyooshea Dairekta kidole, kisha akaonyesha kioo, kisha akapigapiga kochi nikae karibu yake.

"Mwambie," nikamnong'oneza mdogo wangu.

Yeye akachomeka flashi na kuwasha.

Mama akajiona. Akatabasamu, akarekebisha kilemba kama vile yuko mbele ya kioo cha kabati. Akaniwekea kiganja tumboni ili mjukuu naye asikie vizuri. Yule wa kwenye televisheni akaanza kuongea. Mama akangoja. Akageuza sikio. Halafu akamtazama Dairekta, akainua kidole juu mara mbili: ongeza.

Dairekta akabonyeza rimoti. Vile vistari vya sauti vikajaa vyote.

Mama akangoja tena. Akatikisa kichwa, akamnyang'anya rimoti, akanipa mimi niongeze.