Mota ya Kubeba Wawili

Mhehe akitaka kuaminiwa na Mgogo, asicheke! Castory, mtani wangu Mhehe, aliniambia ukweli mchana kweupe, bandani kwake pale Majengo, lakini aliuchanganya na utani. Sasa mimi ningeujuaje?

Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa nchini, mitumba imejaa kila kona, na safari hiyo Castory alikuwa ameshusha baiskeli mbili za umeme kutoka Japani. Nilimfuata kwa ajili ya mume wangu, Yotham. Tangu aanguke kutoka kwenye behewa, miguu yake haimbebi. Mama yake yuko Ihumwa, anaumwa, hawezi kuja mjini. Kupandishwa basi mgongoni mwa watu Yotham alikataa katakata. Alisema yeye si gunia. Basi nikataka baiskeli ya kutubeba wawili, mimi mbele, yeye nyuma.

Moja ilikuwa nyekundu, inang'aa. Ya pili ya kijivu, imechubuka rangi. Bei ile ile.

"Mtani, chukua ya kijivu," Castory alisema. "Mota yake ina nguvu maradufu. Hiyo nyekundu ni ya kumbeba karani na kalamu yake. Wewe peke yako, kwa mlenda uliokula tangu utoto, utaiua!"

Nilicheka mpaka machozi. Nikajua tu anataka kunibambikia ile iliyochubuka. Nikaondoka na nyekundu.

Jumapili tulikata tambarare vizuri, Yotham akiimba. Kwenye kilima kabla ya Ihumwa mota ikaguna, ikanuka kuungua, ikazima. Nikasukuma, nikashindwa. Wapita njia wakaja kumbeba. Yotham akafumba macho.

"Nirudishe nyumbani, Evodia," alisema. "Na usinitoe tena."

Jamani, iliniuma!

Kesho yake nilimmwagia Castory maneno yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza, hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaitoa ile ya kijivu, akafunga gunia la mahindi nyuma, akanionyesha mwinuko. Nikapanda nalo mpaka juu. Akaipokea nyekundu yake, akanipa ya kijivu.

Lakini Yotham hakutaka hata kuitazama. Alilala akiangalia ukuta. Nikamrudia Castory nikilia, naye akafunga banda, akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Wewe Mgogo! Mama yako amenituma. Anasema kama huji, mimi ndiye mwanawe, na ng'ombe wote wangu."

Yotham akageuka. "Mhehe arithi ng'ombe wa baba yangu? Labda nife!" Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu alipoanguka. "Evodia, nipe shati."

Pale kilimani nilikaza meno nikisubiri ile harufu. Haikuja. Mama alikuwa nje kwenye kigoda, akainuka kwa taabu.

"Shikamoo, mama," Yotham alisema. "Nimekuja mwenyewe."

Mwenyewe! Na pedeli alikanyaga nani? Nilikuwa na la kusema, tena refu. Siku hiyo nikanyamaza.