Ramani ya Injini ya Peter

Jofrey alikuja Igowole Jumapili, gari la marehemu kaka yake likivutwa kwa lori la mbao. Alivaa jaketi la mashindano ya magari, jipya, linanuka duka. Nyuma yake alikuja Saulo, fundi wake wa Iringa, amekumbatia kompyuta mpakato.

"Kamwene, shemeji," Jofrey akasema.

"Kamwene." Sikumkaribisha kiti. Viti aliviondoa yeye.

Siku tulipomaliza msiba wa mume wangu Peter, ndugu zake walibeba kila kitu, mpaka sufuria ya maziwa. Gari ndilo walilotanguliza. Kwa gari lile nilikuwa nikipeleka njegere Mafinga. Sasa naziuzia shambani, kwa bei anayotaja mwenye gari. Walichoniachia ni kiboksi cheusi kilichokuwa rafuni, kompyuta ya injini ambayo Peter aliing'oa garini ilipoungua. "Makopo ya marehemu mwachieni mjane," Jofrey alisema siku ile, na watu wakacheka. Msibani, wakacheka.

"Tumefunga kompyuta mpya," Saulo alinieleza. "Nzuri, ila imekuja tupu. Haijui injini hii inataka petroli kiasi gani, wala cheche ipigwe wakati gani. Hizo hesabu za kiwandani ndizo tunaita ramani, na Iringa nzima nimeikosa. Tumebahatisha, gari linakohoa tu. Tukilazimisha, pistoni zitatoboka."

"Na mashindano ni mwezi huu," Jofrey akadakia. "Lile kopo bado unalo?"

"Kumbe makopo yana thamani?"

"Shemeji, acha hizo."

"Si liliungua?"

"Liliungua upande wa kuwasha plagi," Saulo akasema. "Kumbukumbu yake iko salama. Ramani imo."

Nikakitoa. Nilikuwa nakifuta vumbi kila nikifagia, bila kujua nakitunzia nini. Sasa nilijua.

"Nirudishieni gari langu," nikasema. "Ufunguo na kadi. Kisha kiboksi chenu."

"Gari ni la ukoo!"

"Basi ukoo ulisukume."

Saulo alicheka, akajifanya anapiga chafya. Jofrey alizunguka uwanja, akapiga teke kisiki, akatukana kwa Kihehe maneno ambayo mama yake angeyasikia angemchapa. Mimi nilikaa kizingitini, kiboksi mapajani. Saulo alimfuata, wakanong'ona. Niliisikia sentensi moja tu: "Bila ramani, bosi, hili ni chuma chakavu."

Jofrey alirudi, akaweka ufunguo dirishani. Kadi akaitoa kwenye pochi, akaiweka juu yake.

"Chukua. Lakini kwanza Saulo ahakikishe inasomeka."

Saulo akakifungua kiboksi, akashika nyaya mikono yote miwili. Alikwama kwenye waya mmoja, akampigia simu Dhaval, muuza vipuri wa Mbeya, akaiweka simu chini, spika imewashwa.

"Dhaval, naisoma kompyuta ya gari la marehemu Peter. Huu waya wa pili nauunganisha wapi?"

"Unahangaika nini, fundi?" sauti ikajibu. "Ramani hiyo ninayo. Peter aliisoma mwenyewe kabla hajaugua, akanipa nakala bure kabisa. Alisema wengine wasisumbuke kama alivyosumbuka yeye. Nakutumia sasa hivi. Na mke wake mpeni pole. Yule bwana hakuwa na choyo hata chembe."

Simu ikalia mlio mfupi. Ramani imefika.

Jofrey alinyoosha mkono dirishani, akachukua ufunguo na kadi. Hakuharakisha. Saulo aliimimina ramani kwenye kompyuta mpya, bila kuniangalia usoni. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza tu, ikatulia, ikanguruma vilevile kama Peter alipokuwa akiiwasha alfajiri, siku za mnada.

Jofrey akashusha kioo.

"Mungu amlaze pema kaka yangu," akasema.

Tangu tumzike, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwombea.