Magunia Mawili

Ukuta wa mbele wa kanisa lile ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja, na shahada yangu ilikuwa na miezi minne. Nilikuwa nimeandika kurasa tisini kuhusu chokaa. Niliamini, na bado naamini, kwamba jengo la zamani likitunzwa vizuri huwafundisha watu kutunzana. Kwa hiyo mjomba, fundi mkuu wa ukarabati ule, aliponichukua kazini, nilijiona nimeshakabidhiwa ukuta wa mbele wote: mlango, dirisha la duara, na malaika wawili wa plasta waliopukutika pua.

Nilimsahau binti yake.

Binamu yangu huyo tulimwita Kijiko, kwa sababu ya mwiko wake mdogo wa kupakia chokaa alioutengeneza mwenyewe kwa kijiko cha chakula. Shule aliiacha kidato cha pili. Lakini mafundi walipotaka kujua kama chokaa imeiva, walinipita mimi na makaratasi yangu, wakamwita yeye. Anaichota, anaifinya, anasema, "Bado. Kesho." Kesho yake kweli inakuwa tayari. Moyo uliniuma kama jino bovu.

"Digrii," mjomba akaniambia Ijumaa, "wewe na mwenzako, kila mmoja apige kiraka kimoja ukuta wa nyuma. Jumatatu nitavitazama. Mwenye kiraka kizuri ndiye atakayepanda mbele."

"Baba, mwenzangu ana vitabu," Kijiko akasema. "Mimi nitasomea wapi?"

"Soma ukuta!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Chokaa haitaki haraka. Kiraka kipya hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa, na gunia humwagiwa maji kila baada ya saa chache ili kikauke taratibu. Kikipigwa na jua, kinapasuka. Zamu ya maji Jumamosi ilikuwa yangu, Jumapili yake.

Jumamosi mchana nilibaki peke yangu. Niliinua gunia lake, nichungulie tu. Kazi ilikuwa safi hadi ikanikera: hujui ukuta wa zamani unaishia wapi na mkono wake unaanzia wapi. Changu kilikaa kama kiraka cha suruali. Basi gunia lake sikulirudisha. Nililiweka juu ya langu, nikayamwagia maji yote mawili, nikaenda zangu.

Jumatatu kila gunia lilikuwa mahali pake. Mjomba akayafunua. Changu kilikuwa kizima, kimetulia. Cha Kijiko kilikuwa na nyufa kama kisigino kilichokosa mafuta.

"Kijiko! Maji ulimwagia nani?"

"Jua lilikuwa kali, baba."

Mjomba akaguna, akanigeukia. "Haya, Digrii. Panda mbele."

Nilipanda jukwaa hadi kwenye dirisha la duara, nikashuka bila kugusa kitu. Nilimkuta Kijiko akichekecha mchanga.

"Nani alirudisha gunia?"

"Mimi. Nilikuta mawili kwako." Hakuacha kuchekecha. "Bomba halikuwa na maji, nikaomba kwa mtunza kanisa ndoo yake ya kuwekea maua. Changu kilishapasuka, kwa hiyo yote nikamwagia chako."

"Na ulijua ni mimi?"

"Nilijua. Nilikutukana toka kwenye ndoo mpaka ukutani, muulize mtunza kanisa. Lakini ukuta umekosa nini?"

Ningekuwa mwema kama ninavyotaka kuwa, wivu ungeishia hapo. Haukuisha. Ulizidi, maana sasa nilimwonea wivu hata kwa jibu lile. Nilichoweza ni kwenda kwa mjomba na kumweleza yote, mafundi wakisikia.

Mjomba akamgeukia binti yake.

"Kijiko, panda mbele," akasema. "Na wewe, maji."

"Ya leo, mjomba?"

"Mpaka malaika wapate pua."

Tangu siku hiyo napandisha ndoo. Kijiko akimaliza kipande, nafunika gunia, nalowesha, natazama saa. Kila ninapolifunua roho inanichoma, maana kazi yake bado inaishinda yangu. Kisha nalirudisha palepale, na kabla ya kushuka navuta kona zote nne, nione kama zimeshika.