Kovu Lililofutwa kwa Brashi

Mkaguzi wa nyaraka aliinuka, akakisogeza kiti mbali na jua la dirishani, ndipo akamkaribisha Mama Brashi. Mama Brashi aliliweka hilo moyoni. Tangu asubuhi watu wa ofisi ile ya ardhi walikuwa wakimwambia "subiri pale, mama" bila hata kuinua macho, lakini binti huyu alitazama kwanza jua litampiga wapi.

Aliyemsindikiza ni mdogo wake, ambaye tangu utotoni watu walimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyotulia. Kwenye ngazi za nje alikuwa amemshika dada yake mkono, hatua kwa hatua. "Polepole, dada, hiyo ya tatu ina ufa. Ukianguka hapa, hawa watakupimia kiwanja papo hapo." Mlinzi wa mlangoni alicheka mpaka kofia ikamteleza.

"Mama, nakuwekea vitu viwili mezani," mkaguzi alisema. "Usijibu haraka. Tazama kwanza."

Cha kwanza kilikuwa nakala ya hati. Ilisema kwamba marehemu mume wa Mama Brashi, mpiga picha, alimpa mdogo wake wa kiume nyumba yote pamoja na studio ya mbele. Cha pili kilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ya kuonyesha kwamba hati ilitiwa sahihi mbele ya watu. Marehemu ameketi mezani, kalamu mkononi. Mdogo wake, yaani shemeji, amesimama kushoto. Na nyuma ya mumewe amesimama Mama Brashi mwenyewe, anatabasamu. Tarehe iliyoandikwa chini ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, mwezi mmoja kabla ya marehemu kuaga dunia.

Mama Brashi aliitazama sura yake. Ilikuwa yake kweli. Siku yenyewe ndiyo hakuikumbuka hata chembe.

"Dada, huenda umesahau," Chiriku alisema kwa upole, akimwekea mkono begani. "Mwaka ule ulikuwa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Nani angekumbuka?"

Mama Brashi aliona haya. Wiki iliyopita tu alikuwa amesahau sufuria jikoni mpaka ikaungua, na ni Chiriku aliyekuja kuisugua. Labda ni kweli. Labda alisimama pale, akatabasamu, akaitoa nyumba yake kwa mkono wake, na leo hakumbuki. Na kesho ndiyo siku ya uamuzi. Hati ikikubaliwa, mwisho wa mwezi anafungasha.

Mkaguzi alimwomba Chiriku asubiri nje. Kisha akavuta kiti chake karibu.

"Mimi picha hii siiamini," alisema. "Tazama, mumeo mwanga unamjia kutoka kulia. Wewe unakujia kutoka kushoto. Na hapa, ukingo wa nywele zako umekatika kama kwa mkasi. Lakini haya ni maneno yangu. Mwanasheria wa shemeji yako atasema taa zilikuwa mbili, na kwamba picha imerudufiwa mara nyingi. Hati na picha halisi, zote mbili, eti zililowa maji. Nikisema sura yako imetolewa kwenye picha nyingine, ataniuliza: ipi? Hapo ndipo nitakwama."

"Una kioo cha kukuza, mwanangu?"

Mkaguzi akampa. Mama Brashi alikipangusa kwa ncha ya khanga, akakishika kama alivyokishika miaka arobaini. Jina la Brashi alilipata studioni. Mumewe alipiga picha na kuzisafisha kwenye chumba cha giza, naye alikaa dirishani na brashi yenye nywele tatu tu, akiziba alama za vumbi na mikwaruzo, nukta kwa nukta, kwa wino mweusi aliouchanganya na maji. Marehemu hakuwahi kuhamia kwenye kamera za kisasa. Watu walimcheka, naye akawacheka, na mpaka mwisho alipiga kwa filamu.

Aliianza picha kwenye kona, kama alivyozoea, akaja taratibu katikati. Alipofika kwenye nyusi yake ya kushoto, alisimama.

"Hapa hapana kovu," alisema.

Mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye picha, akamtazama usoni. Juu ya nyusi ya kushoto ya Mama Brashi palikuwa na kovu lenye urefu wa mbegu ya tikiti, jeupe kidogo kuliko ngozi.

"Huenda ni kompyuta imelifuta," mkaguzi alisema. "Hata simu siku hizi zinalainisha sura zenyewe."

"Si simu. Hebu nikuzie hapa kwenye hiyo skrini yako."

Mkaguzi alikuza. Nyusi ikawa kubwa kama mkeka, na juu yake, mahali pa kovu, pakatokea nukta. Zilianzia katikati zikazunguka kwenda nje, kama gamba la konokono.

"Kila mtu wa brashi ana mkono wake," Mama Brashi alisema. "Mume wangu alipanga mistari. Mwanafunzi wetu alikuwa anatawanya kama anayelisha kuku. Wa kuzunguka hivi nilikuwa mimi tu." Aliweka kioo chini. "Hili kovu nililifuta mimi. Mara moja tu maishani, kwenye picha moja tu. Sikuligusa kwenye filamu, nililigusa kwenye karatasi. Kwa hiyo haina pacha."

"Ni picha ipi hiyo, mama? Na iko wapi?"

Mama Brashi aligeuka. Kwenye mlango wa kioo alimwona Chiriku ameketi kwenye benchi, ameupakata mkoba wa dada yake kwa mikono miwili, huku akimwambia mlinzi jambo la kumvunja mbavu.

Chiriku alikuwa na miaka mitatu, mama yao ameshafariki, Mama Brashi bibi harusi wa juzi, alipomchukua kumlea. Siku moja mtoto alipanda kigoda kwenye chumba cha giza ili achungulie beseni la dawa. Kigoda kikayumba. Mama Brashi aliruka, akamdaka, na yeye akapiga paji la uso kwenye kona ya sinki. Mtoto hakupata hata mchubuko. Lakini alipokua akaelezwa, kila alipoiona picha ya dada yake alisema, "Hili nimekuchora mimi," akalia machozi ya kweli. Basi Chiriku alipoolewa, akiwa mtu mzima tayari, miaka sita iliyopita, Mama Brashi alichukua picha aliyopigwa siku hiyo akitabasamu, akakaa dirishani mchana kutwa, akalifuta kovu. Alimpa ikiwa kwenye fremu. "Hii uitazame bila kulia," alimwambia.

"Nitakuletea kesho," alimjibu mkaguzi.

Nje, Chiriku alimpokea kama kawaida. "Enhe, wamesemaje?"

"Twende kwako."

"Kwangu? Leo? Sijafagia, dada!"

"Siji kukagua ufagio."

Njia nzima Chiriku aliongea. Aliongea juu ya bei ya nyanya, juu ya jirani aliyenunua kabati lisilopita mlangoni. Mama Brashi alitembea akiomba kimoyomoyo awe amekosea, fremu iwe imeibwa, ukuta uwe mtupu.

Picha ilikuwepo. Ilining'inia mahali pake, juu ya cherehani ya Chiriku, imefutwa vumbi vizuri. Mama Brashi aliishusha, akaigeuza. Marehemu mumewe alikuwa ameifunga kwa nyuma kwa misumari midogo sita, akiigonga taratibu, misumari mingine kaishika midomoni. Sasa misumari ilikuwa miwili. Palipobaki palibandikwa utepe mpya, bado unang'aa.

Chiriku aliketi kwenye kiti cha cherehani. Aliokota kipande cha uzi, akakiweka tena.

"Nani aliifungua?"

"Shemeji alisema ataiazima siku mbili tu."

"Akakwambia ya nini?"

"Dada..."

"Nakuuliza, mdogo wangu. Alikwambia ya nini?"

"Alisema hutahamishwa," Chiriku alisema, macho kwenye sakafu. "Aliniapia. Wewe utabaki kwenye chumba chako mpaka mwisho, hakuna wa kukugusa. Na mimi angenipa studio. Niweke cherehani pale mbele, watu wanione. Hapa nashonea uchochoroni, dada, wateja wananipita."

Mama Brashi aliketi kitandani, fremu mapajani. Kilichomuuma hakikuwa nyumba. Ulikuwa ule mkono begani asubuhi, wa upole, uliomwambia huenda umesahau. Mtu ambaye yeye mwenyewe alimlea kwa kijiko alikuwa tayari amwache aamini kwamba akili zake zimemtoka.

"Studio imefungwa miaka mitatu," alisema. "Ungeniomba tu."

Chiriku aliinua uso, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Maisha yangu yote nimekuomba wewe. Chakula nimekuomba wewe, ada ya shule wewe, hata gauni la harusi ulinipa wewe. Nilichoka kuomba, dada. Nilitaka mara moja kitu kije chenyewe."

Mama Brashi alifikiri juu ya maneno hayo, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Lakini hayakupunguza kitu. Aliifunga fremu kwenye khanga, akatoka peke yake.

Kesho yake mkuu wa ofisi aliketi katikati, mkaguzi kulia kwake. Shemeji alikuja na mwanasheria wake na viatu vilivyong'arishwa.

"Shemeji yangu, pole," alisema kwa sauti ya msibani. "Huzuni ikikaa sana inachanganya. Picha unajiona kwa macho yako, halafu unabisha?"

"Nabisha, shemeji. Nimebisha hodi, sasa nasubiri unifungulie."

Mkuu wa ofisi alificha tabasamu kwa kikohozi.

Mkaguzi aliziweka sura mbili, ya picha ya shemeji na ya picha ya fremu, moja juu ya nyingine kwenye skrini. Zililingana unywele kwa unywele, mpaka hereni iliyoinama kidogo. Lakini mwanasheria hakutikisika. "Mtu ni mmoja, tabasamu lake ni moja, hereni zake ni hizo hizo. Na hilo kovu halipo kwenye picha yoyote kati ya hizi mbili. Sisi tunasema alilipata juzi."

Shemeji, aliyelijua kovu lile kwa miaka arobaini, alitikisa kichwa kukubali.

"Mwanangu," Mama Brashi alimwambia mkaguzi, "nipatie pamba na maji kidogo."

Mkaguzi alielewa. "Nipe dakika moja, mama." Akaitoa kwanza nakala ile picha ya fremu mbele ya wote, kwa ukubwa, ili alama zilizokuwepo zisipotee. Kisha akaleta pamba, na maji kwenye kikombe chake mwenyewe cha chai, alichokiosha kwanza.

Mama Brashi aliilowesha pamba, akaikamua, akaiweka juu ya nyusi yake mle pichani. Alihesabu polepole mpaka thelathini. Akapangusa mara moja, kwa wepesi, kama anayempangusa mtoto jicho. Pamba iliinuka na doa jeusi. Kwenye picha, kovu lilikuwa limerudi.

"Wino huu ni wangu," alisema, "na uliwekwa kwenye karatasi hii moja tu. Kama picha ya shemeji ilipigwa siku nyingine, nukta zangu ziliingiaje mle?"

Mwanasheria alianza kukusanya karatasi zake. Shemeji alimtazama, kisha akatazama viatu vyake.

"Swali moja, mama," mkuu wa ofisi alisema. "Picha hii ilikuwa kwa nani?"

Chiriku alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Mama Brashi angeweza kusema ilikuwa nyumbani kwake. Lakini hapo shemeji angeuliza ilimfikiaje, na uongo mmoja ungehitaji brashi nyingine ya kuufunika. Na mkono wake ulikuwa umechoka kufuta.

"Ilikuwa kwa mdogo wangu," alisema. "Nilimpa mimi."

"Ni kweli," Chiriku alisema kutoka mlangoni. "Na mimi ndiye niliyempa shemeji."

Mkuu wa ofisi aliandika. Hati ilikataliwa, nyumba ikabaki kwa jina la Mama Brashi, na shemeji na Chiriku wakaambiwa warudi Jumatatu kutoa maelezo kwa polisi. Picha ilibaki kwenye faili. Mkaguzi aliahidi kuirudisha shauri likiisha, akauliza aikabidhi kwa nani.

"Kwangu," Mama Brashi alisema.

Mkaguzi alimsindikiza mpaka mlangoni, mlinzi akampokea mkoba bila kuambiwa. Hayo nayo aliyaweka moyoni, kwa kuwa siku ile alikuwa na haja nayo. Chiriku alikuwa amesimama kando ya ngazi, mahali pake pa siku zote, na mkono wake ulianza kuinuka.

Mama Brashi alishika chuma cha ngazi. Akashuka ya kwanza. Akashuka ya pili.

"Dada," Chiriku alisema nyuma yake. "Ya tatu ina ufa."

"Nakumbuka," Mama Brashi alisema. Akairuka, akaendelea kushuka, na hakugeuka.