Zedi ya Mlangoni

Wivu usikie kwa jirani, usikukute nyumbani kwako. Bwana tunayemsema hapa hakuwa mtu mbaya, tuanze na hilo. Alikuwa na duka la vipuri, mke aliyempenda, na gari alilolipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda bati: Datsun Zedi ya zamani, gari la michezo la Kijapani, jekundu, pua ndefu na makalio mafupi. Watu walimwita Kidole, na jina hilo nalo alilipenda.

Jina lilitokana na kazi. Kila Jumapili asubuhi wenye magari ya Kijapani ya zamani walikutana uwanjani nyuma ya ghala la mbao, wakafungua maboneti na kubishana mpaka jua linawachoma utosi. Akija mtu na gari kuukuu alilolifufua, Kidole ndiye huitwa kulitambua. Huinama ndani ya boneti, hufumba macho, na kupitisha kidole cha shahada juu ya namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Kiwandani namba ziligongwa kwa kina kimoja na mstari mmoja. Mhuni akigonga zake gereji, au akikata namba ya gari lililokufa na kuichomelea kwenye jingine, macho yatadanganywa na rangi, lakini kidole husikia. Akimaliza hutoa hukumu: "Lenyewe," au, "La kuokoteza." Hajawahi kubishiwa, kwa sababu hajawahi kukosea.

Uwanja ulikuwa na sheria zake. Gari lenyewe lililotoka kiwandani mapema kuliko mengine yote husimama mlangoni, kwenye kivuli cha ghala, na kila anayeingia lazima alipite. La kuokoteza hukaa nyuma kabisa, na mwenye gari lenyewe akipungukiwa kipande ana ruhusa ya kukiomba huko. "La kuokoteza ni ghala la lenyewe," ndivyo Kidole alivyozoea kusema, na watu wakaugeuza msemo wake kuwa sheria. Zedi yake ilikaa mlangoni miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa ndiyo Zedi pekee mjini, ingawa chini sakafu ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiendesha kwenye mvua unanawa miguu. Alikuwa amehangaika kutafuta sakafu ya gari la namna ile mpaka amekata tamaa.

Sasa aingie mwanyumba wake. Mke wa Kidole ana mdogo wake wa kike, na huyo ameolewa na mshona makochi, kijana mtaratibu ambaye hata akikasirika unadhani anaomba maji. Alimwita Kidole "kaka", na ni Kidole mwenyewe aliyemwambukiza ugonjwa wa magari. Alimfundisha kuondoa rangi bila kuumiza bati, kusafisha kabureta, kujua kioo cha asili na cha kubadilishwa. Kijana akawa anasikiliza tu, anatikisa kichwa.

Siku moja akasema, "Kaka, nimepata kitu kwenye banda la kuku. Ila sikuonyeshi mpaka kiive."

"We kiivishe tu," Kidole akacheka. Alidhani ni pikipiki.

Kitu kikaiva siku ya Jumamosi, nyumbani kwa mama mkwe wao. Kidole alikuwa kibarazani na kikombe chake cha chai aliposikia mngurumo anaoujua kama anavyojua kikohozi chake mwenyewe. Akageuka kuangalia kama kuna mtu ameiba gari lake. Lake lilikuwepo. Getini ikaingia Zedi nyingine, ya njano iliyoiva vizuri, milango imekaa sawasawa kwenye fremu, hakuna wimbi hata moja kwenye bodi. Mshona makochi akashuka taratibu, anaona haya kama bwana harusi.

Kidole akalizunguka gari akitafuta kasoro. Mtu anayetafuta kasoro kwenye gari la mwenzake kwa moyo wote vile huwa ameshaugua. Viti vilikuwa vimeshonwa na mwenyewe, mshono hauna hata uzi uliotoroka. Akafika nyuma, na hapo akasimama. Kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo, kulikuwa na matundu mawili ya kutolea hewa. La Kidole halikuwa nayo. Matundu pale wanayo zile Zedi za mwanzo kabisa, kabla hazijabadilishwa na kuwa kama ya kwake. Kama gari hili ni lenyewe, basi ni kaka wa lile jekundu, na kesho mlangoni patakuwa pake.

"Kaka, unaonaje?" mshona makochi akauliza.

"Si mbaya," akasema Kidole. Akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Kama Mungu anavyotaka kumjaribu mja wake, akatoka mama mkwe. Huyu mama hajawahi kupanda gari la Kidole hata siku moja. "Siingii kwenye jeneza lenye redio," ndiyo kauli yake. Leo akafunguliwa mlango wa gari la njano, akaketi, akabonyezabonyeza kiti, akaegemea na kufumba macho.

"Hiki ndicho kiti," akasema. "Baba wee, mwanangu kapata mume fundi!"

Wana alionao ni wawili na wakwe ni wawili, na yule asiyesifiwa amesimama palepale. Kidole alicheka pamoja nao, kile kicheko cha meno tu. Usiku alijigeuza kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama kuna kunguni.

"Ametoa wapi muda?" akasema. "Mtu wa kushona makochi! Mimi nimemfundisha hata kushika spana."

"Basi si ujivunie," mkewe akasema, akavuta shuka na kulala.

Ajivunie! Alitamani, hakuweza. Kijiba cha roho kikikukaa, hata sifa inayokuhusu unaiona imeibwa kwako.

Jumapili ikafika. Uwanja mzima ulijaa pale mbele ya gari la njano. Wengine walikuwa wameshaanza kumwangalia Kidole kwa macho ya pole, na hakuna kitu kilichomkera kama zile pole. Boneti likafunguliwa. Mshona makochi alikuwa ameiacha sehemu ya namba bila rangi nzito, ameipaka mafuta kidogo tu isipate kutu, kama alivyofundishwa. Akasogea pembeni, akafumbata mikono.

Kidole akainama, akafumba macho, akaweka kidole.

Lilikuwa lenyewe. Alijua kabla hajafika katikati. Kina kimoja, mstari mmoja, kila namba na nafasi yake, na namba yenyewe ndogo kuliko ya kwake kwa mbali. Kidole chake hakijawahi kugusa namba safi vile. Akarudia mara ya pili, si kwa shaka, ila kujipa muda. Akiwa ameinama pale alifikiria mlango, na kivuli, na gari lake jekundu likisukumwa kukaa la pili juani. Akafikiria mama mkwe na macho yake aliyoyafumba.

Akainuka, akafuta kidole kwenye suruali.

"La kuokoteza," akasema.

Mtu mmoja akasonya. Mshona makochi akabaki ametazama namba, halafu akamtazama Kidole, na Kidole akajiandaa kubishiwa. Kwa kweli aliomba abishiwe, angekuwa na mahali pa kuelekezea hasira yake.

"Ahsante, kaka," kijana akasema polepole. "Mwingine angenionea haya akanificha."

Akafunga boneti kwa mikono miwili, asilipigize, akaliendesha gari mpaka nyuma kabisa ya uwanja. Jekundu likabaki mlangoni. Kidole alisimama kando yake asubuhi nzima akipokea salamu, na kila salamu ilimkwama kama mfupa. Na bado, tuseme ukweli, chini kabisa ya moyo alifurahi. Wivu una utamu wake wa kijinga.

Utamu haukumaliza siku. Jioni mkewe alimwambia kwamba mdogo wake amelia simuni, na kwamba mumewe hataki hata kulitazama gari. Kesho yake Kidole akasafiri kufuata mzigo wa duka, na huko ugenini lile neno la "ahsante, kaka" likamfuata. Akila linakuja. Akihesabu filta linakuja. Mtu umemkata mguu, naye anakushukuru kwa kumvua kiatu! Mwisho akakata shauri: akirudi atasema alikosea. Atasema jua lilikuwa kali, au kidole kilikuwa na mafuta, liwalo na liwe. Mlango auchukue. Akishaamua hivyo akapata usingizi, na akashangaa ulivyo mwepesi.

Siku aliporudi alikuta ndala za wageni zimejaa mlangoni kwake. Nusu ya watu wa uwanjani walikuwa uani. Mkewe akampokea begi huku anacheka, akamziba macho kwa viganja vyake.

"Twende gereji," akasema. "Usichungulie!"

"Subiri kwanza," Kidole akasema, "nina neno na mwanyumba."

"Naye ana neno na wewe. Tembea!"

Viganja vikaondoka. Gari lake jekundu lilikuwa juu ya magogo, viti vimetolewa, na ile sakafu iliyooza haipo. Mahali pake palikuwa pamechomelewa sakafu nzima, nzima, isiyo na tundu, imesuguliwa vizuri kwenye maungio. Pembeni pembeni, ambako msasa haukufika, rangi ilikuwa ya njano.

Mshona makochi alisimama kando, ana alama za cheche mikononi na tabasamu la haya usoni.

"Nilikaa nalo nyumbani nikawa kila nikilitazama naona uongo," akasema. "Nikakumbuka maneno yako, kaka. La kuokoteza ni ghala la lenyewe. Nikasema basi na liwe na kheri yake. Grenda ya kukatia bati ilinitoa machozi kidogo, sikufichi, lakini sakafu imeingia kama iliyopimiwa hapa. Milango na vioo nimekuwekea stoo. Kilichobaki, watu wa vyuma chakavu wameshakibeba."

"Wameshakibeba," Kidole akarudia.

"Jana asubuhi. Sasa ipo moja tu mjini, na ni yako."

Watu wakapiga makofi. Kidole alitaka kukaa, ila viti vyote vilikuwa nje. Yale maneno aliyokuja nayo, la jua kali na la kidole chenye mafuta, yalikuwa bado mdomoni, yote, yamepangika. Angeyasema. Sasa angeyasema ili nini? Gari limeshakuwa vipande, na mwenye gari ametulia roho kwa sababu anaamini amekata bandia. Ukweli ungemrudishia nini zaidi ya uchungu? Ndivyo alivyojiambia. Uoga nao hujua kuvaa nguo za huruma.

"Na hii nyingine," mshona makochi akasema, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha makochi.

Kilikuwa kipande cha bati cha ukubwa wa kiganja, kingo zimesuguliwa zisikate mtu, kimetobolewa juu kupitisha kamba ya kutundikia. Ile namba ilikuwa palepale katikati, safi, imepakwa mafuta.

"Tundika dukani," kijana akasema. "Uwe unawafundishia wageni, waijue namba ya bandia inavyokuwa. Na uanze na mimi. Nimeipapasa mpaka nimechoka, kaka, naona iko sawa tu. Kosa liko wapi?"

Wote wakasogea. Hata mkewe akasogea. Kidole akashika kile kipande, akafumba macho, si kwa kazi bali asiwaone. Kidole kikapita kwenye herufi, kikapita kwenye namba, kikaenda na kurudi. Kina kimoja, mstari mmoja. Hakukuwa na mahali hata pamoja pa kumwonyesha.

"Hapa," akasema. Sauti yake aliisikia inatoka mbali. "Kwenye tatu. Imeinama kidogo."

Mshona makochi akafumba macho naye, akaweka kidole chake pale alipoonyeshwa. Akakipitisha polepole, kwa utiifu, kama mwanafunzi. Kwanza uso ukakunjamana. Halafu ukafunguka.

"Eeh!" akasema. "Kweli bwana. Imeinama. Nimeisikia, kaka."

Akampa aliyekuwa jirani yake, naye akapapasa, akatikisa kichwa akakubali. Kipande kikazunguka mkono hadi mkono uani pale, na kila mmoja aliisikia.

Jumapili iliyofuata gari jekundu lilisimama mlangoni, kavu chini, na mama mkwe akaomba apandishwe.