Mchanga Chini ya Kitanda

Kaka alilinunua lile lori jeshini lilipochoka kubeba askari, na jambo la kwanza alilofanya ni kuziba tundu la kutolea bunduki kwenye paa kwa sufuria ya nyumbani. Mama alikuwa kitandani hoi, ila sufuria zake alizijua zote. Akamwita, akamwambia kichwa chake nacho kingezibwa, tatizo kifuniko cha saizi ile hakijatengenezwa.

Ugonjwa ulishaingia kwenye mifupa. Hospitali walitwambia, kwa ule upole wao wa kutisha, tukakae naye nyumbani. Yeye nyumbani hakutaka. Alitaka kumwona mama mdogo, mdogo wake pekee aliyebaki, na mama mdogo anakaa ng'ambo ya mto ambao mvua zimeondoka na daraja lake. Dereva wa gari la wagonjwa aliangalia picha za njia kwenye simu yangu, akacheka, akanirudishia simu. Lori la jeshi, magurudumu yote sita yakivuta, lingepita.

Shida ilikuwa springi. Lori la aina ile limeundwa libebe wanaume na mabomu. Ukilipeleka tupu linarusha kama punda mwenye kisirani. Kaka alimpakia fundi wa matairi nyuma, wakazunguka mtaa mara moja, jamaa akashuka ameng'ata ulimi. Mimi nikashauri tupunguze pleti za springi. Kaka akakataa, akasema tukizipunguza halafu zikatukatikia mtoni, mama atafia kwenye maji. Akaleta mchanga. Aling'oa mabenchi ya askari, akabananisha viroba vya mchanga sakafu nzima, juu yake akafunga kitanda cha mama kwa bolti. Akalala mwenyewe, nikamwendesha. Alishuka na uso wa mtoto aliyenyonya akashiba.

Mama alipopandishwa alikagua kila kona. Akasema majeneza ameyaona mengi, ila la magurudumu sita ndiyo kwanza. Kaka akamwonyesha ukuta wa bati nyuma ya viti vyetu: akiumia agonge, tutasimama.

Mpaka mtoni hakugonga. Lori lilikuwa linaelea, na Kaka ananitazama kwa jicho la nilikwambia.

Maji tuliyavuka vizuri. Ukingo wa pili ndio uliotumaliza. Magurudumu ya nyuma yalizama kwenye tope mpaka difu, lile tumbo la chuma kati ya magurudumu, ikaatamia kama kuku. Tukaenda mbele, tukarudi nyuma, tukatia mbao chini ya tairi, mbao zikamezwa. Kaka alichimba mpaka akafanana rangi na mto. Maji yalikuwa yanapanda. Kilichotuzamisha tulikijua wote wawili, na hakuna aliyekitaja. Akakitaja mama.

"Mwageni huo mchanga."

Kaka akamwambia huko mbele ni mawe matupu.

"Mifupa ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi mwageni. Nikifia hapa mdogo wangu atanisikia kwa mbali, kama redio ya jirani."

Viroba vilikuwa vimebanwa chini ya kitanda, na bolti huzifungui bila kumshusha mgonjwa kwenye tope. Tukavipasua kwa kisu, tukalala kifudifudi, tukawa tunaukomba mchanga kwa mikono. Mama huko juu anauliza ni nani aliyewalea wavivu namna hii.

Lori likatoka. Mawe yakaanza. Haukupita muda, akagonga. Kaka akasimamisha, tukakimbilia nyuma. Mama alikuwa ameng'ata ncha ya shuka. Akaitoa mdomoni taratibu.

"Nimekwambia usimame?"

"Umegonga, mama."

"Nilikuwa natafuta pa kujishika. Usisimame tena mpaka kwa mdogo wangu. Nikigonga, nikilia, nikikutukana, wewe endesha. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akagonga. Akagonga sana, kisha akawa anagonga kwa kiganja, sauti kama ya mtu anayepiga vumbi kwenye mkeka. Kaka alikuwa anaendesha huku machozi yanamshuka, hata hayafuti. Kisha kukawa kimya. Nikamwita, "Kaka." Akasema tumeambiwa tusisimame. Ila akapunguza mwendo, akaanza kulizunguka kila jiwe, hata yale madogo, gia anazibadili kama anamvisha nguo mtu aliyelala.

Tulipofika nilifungua turubai peke yangu. Mama alikuwa amekufa. Nilimtoa shuka mdomoni, nikamfumba macho, nikamfunika vizuri kidogo.

Mama mdogo alikuwa ameshatoka nje, anakuja na fimbo yake, anatusimanga kwa kuchelewa. Kaka akamwendea. Sikuyasikia maneno yake, nilimwona tu mama mdogo akisimama katikati ya uwanja. Halafu akasema, "Nipandisheni."

Lori lile liko juu, na ngazi yake ya nyuma iling'okea kwenye tope kule mtoni. Kaka akapiga magoti kwenye tope, akaweka viganja chini, akatoa mgongo. Mama mdogo akaukanyaga, akaingia.

Tulimsikia akimgombeza mama kwa sauti ya kawaida kabisa: njia yote hiyo umeiweza, hapa pa mwisho ndiyo umeshindwa kunisubiri?

Kaka alikuwa bado ameinama kwenye tope. Nikamwambia ainuke.

"Akitaka kushuka, atakanyaga wapi?" akasema.