Koti la Kitinda Mimba

Safari ilipangwa ikapangika. Ijumaa fundi cherehani angeruka kwenda kumjulia hali dada yake aliyevunjika mguu. Jumamosi angeruka tena mpaka kwa binti yake. Na Jumapili asubuhi angeruka mara ya tatu, mpaka kwenye uwanja mkubwa ambako kitinda mimba wake, mpishi wa melini, angekuwa anabadilisha ndege. Wangekaa pamoja hadi mchana, kisha kila mtu ashike njia yake. Miaka saba walikuwa wakionana kwenye simu tu, uso mdogo kama picha ya kitambulisho. Kwa dada kuzuri, kwa binti kuzuri, lakini roho yote ilikuwa Jumapili.

Alikuwa amemshonea kitinda mimba wake koti. Vipimo hakuuliza.

"Mwanangu mwenyewe nimuulize upana wa mabega? Si nilimbeba mimi?"

Alikata kwa kukumbuka, akaacha akiba nene ya kitambaa kwenye mishono, maana mpishi hakosi kunenepa.

Ijumaa ndege ilichelewa, akamkuta dada yake ameshasinzia na mguu juu ya mto. Jumamosi ikachelewa zaidi, chakula cha mchana kikaliwa jioni. Kila mara alijipa moyo: afadhali zichelewe hizi, mradi ya Jumapili iwahi.

Jumapili, mbele ya kaunta, binti yake alimwambia, "Mama, hilo koti si ulibebe mkononi?"

"Likunjamane? Nimelipiga pasi mwenyewe. Liache lilale sandukuni."

Sanduku likaenda zake. Binti akamkumbatia mama yake, akakimbilia kazini. Ndege haikuja.

"Mama, itachelewa kidogo," alisema tena msichana wa mlangoni.

"Kidogo hiki ni kile cha asubuhi, au umeniletea kingine?"

Msichana akacheka bila kupenda. "Hiki kipya, mama yangu. Ukungu."

Ukungu ukaondoka, jua likawaka, wakaambiwa sasa mafundi wa ndege wanakagua tairi. Abiria wakaguna. Yeye maisha yake yote alikuwa amewaambia wateja "njoo kesho, imebaki vifungo tu", na leo alikaa kwenye kiti cha chuma akionja utamu wake.

Simu ikalia.

"Mama, umefika wapi?"

"Nipo palepale, baba. Nimewekwa kama mzigo."

"Nitakusubiri nje mpaka dakika ya mwisho."

"Usije ukaachwa na ndege kwa ajili yangu."

"Wewe njoo tu, mama."

Walipotua, mchana ulikuwa umeshapinda. Fundi alisimama kwenye mkanda wa mizigo, nao umelala kimya. Simu tena: "Mama, wanafunga. Niko juu, mlango wa kuondokea." Papo hapo mkanda ukashtuka, ukaanza kutapika masanduku ya watu.

"Subiri, mama, lako linakuja," alisema mzee mmoja kando yake.

Alitazama lile tundu lenye mapazia ya mpira. Koti lilikuwa humo ndani, limenyooka, halina hata kunyanzi. Akaligeuzia mgongo, akapanda ngazi.

Alimjua kwa kisogo, na kwa alivyoegemea mguu mmoja, kama zamani akitumwa dukani hataki.

"We kitinda!"

Kijana akageuka. Walikumbatiana, na mikono ya fundi, isiyojua kushika mtu bila kumpima, ikaona kabla ya macho. Mabega yalikuwa yameingia ndani. Mbavu zilihesabika.

"Mbona umekwisha hivi, mwanangu?"

"Moto wa jikoni, mama. Ukishapikia meli nzima, hamu ya kula huna. Koti langu liko wapi?"

"Chini, linazunguka. Na liendelee kuzunguka, halikutoshi."

"Ningelivaa hivyohivyo."

"Utembee umevaa hema, watu waulize nani kashona? Simama wima!"

Akasimama wima, kidevu juu, kama alipokuwa akipimwa sare za shule. Mama akatandaza kiganja cha kulia, akapita shibiri kwa shibiri, mabegani, kifuani, kiunoni, bila haraka.

"Kaka, ingia, tunafunga," mlinzi aliita.

"Umemaliza, mama?"

"Bado mkono."

Akamnyooshea mkono huku akirudi kinyumenyume. Mama akamfuata, begani, kiwiko, kifundo, mpaka ncha ya kidole cha kati. Kidole kikateleza, mlango ukajifunga.

Chini, sanduku lake lilikuwa limebaki peke yake kwenye mkanda. Alilivuta kwa mkono wa kushoto. Ndege ya kumrudisha nyumbani nayo ilikuwa imechelewa. Safari hii hakuuliza kwa kiasi gani. Alilitandaza koti mapajani, akatoa chaki kwenye mkoba, akafumua uzi wa mshono wa ubavuni kwa meno. Mkono wa kulia alikuwa bado ameutandaza vilevile, wala hakutaka kushika nao kitu chochote kabla hajauweka juu ya kitambaa.